Jinsi ya kuchimba kivuli cha jiwe huku Mwanza na kujua watu walikaa pale lini

Karibu kila mwezi kuna kijana ananiuliza kitu kilekile, kwamba kule kwao Magu au Misungwi au Ukerewe kuna jiwe kubwa limeinama kama paa, ndo tunaita kivuli cha jiwe, chini yake kuna vipande vya vyungu na vijiwe vyeupe vimetapakaa, sasa anachimba vipi ili ajue ni vya miaka mingapi. Nimekuwa najibu vipande vipande, leo naandika yote ninayoyajua. Nilianza kama kibarua wa kubeba ndoo na kuchekecha udongo, baadae nikafundishwa kutumia mwiko wa fundi, baadae kuchora kuta za shimo, na hii kazi naipenda mno kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

Kwanza kabisa, usichimbe. Namaanisha hivo hivo. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964 na kuchimba bila leseni ni kosa, haijalishi jiwe liko kwenye shamba la baba yako. Vitu vilivyotengenezwa na mtu kabla ya 1863 vinalindwa na sheria moja kwa moja. Leseni inatoka idara ya serikali ya Mambo ya Kale, kibali cha utafiti kinatoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na njia rahisi ya kijana kuingia ni kujiunga na timu ya chuo, mfano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana idara ya akiolojia, yaani elimu ya kuchimbua mambo ya kale, na wanafunzi wao huwa wanashuka mikoani. Wewe ulieona jiwe una kazi ya maana tayari: piga picha, chukua pointi ya GPS, usiokote kitu, peleka taarifa. Haya mengine ninayoandika ni ili siku ukiwa ndani ya shimo na kibali mkononi ujue unafanya nini na kwa nini.

Baada ya karatasi za serikali wanafuata wenye eneo. Mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji, halafu wazee, na wazee usiwapitie juu juu. Mengi ya haya mawe ni sehemu za matambiko mpaka leo. Fika asubuhi, "mwangaluka babu", kaa chini, eleza unataka nini, uliza kona gani isiguswe. Mzee mmoja upande wa Kayenze alituonyesha mahali ambapo babu zake walikuwa wanawasha moto wa tambiko, na ule moto ungetuchanganya vibaya sana maana majivu yake yalikuwa sentimita kumi tu chini ya uso wa udongo.

Alafu kuna hili la mali ya Mjerumani. Mnalijua. Ukionekana unachimba chini ya jiwe Mwanza, jioni ileile kijiji kizima kinajua umekuja na ramani ya dhahabu ya Wajerumani, na usiku mtu anakuja na sururu. Dawa yake ni uwazi: kila jioni acha watu waje, waone chekeche, washike vile vijiwe, waone kwamba hakuna rupia wala sanduku. Na ukikuta wawindaji wa mali wamekutangulia wakaacha shimo, usikate tamaa, safisha ukuta wa shimo lao kwa mwiko mpaka unyooke, tayari una matabaka ya udongo unayasoma bila kuharibu udongo mpya hata kidogo.

Sasa jambo ambalo ningetaka ulishike kuliko yote. Hakuna mtu anayepima umri wa kijiwe kilichochongwa. Mawe yetu haya ya Mwanza yana zaidi ya miaka bilioni 2, kwatzi, lile jiwe jeupe linalong'aa kama chumvi ya mawe, ni la zamani vilevile, awe amelipasua mtu miaka elfu tano iliyopita au amelipasua mponda kokoto jana asubuhi. Tunachopima ni mkaa uliolala nalo, au mchanga uliolifunika. Maana yake tarehe inakaa kwenye tabaka, na chochote kinachokitenganisha kitu na tabaka lake kinaiua ile tarehe, na hairudi.

Tuje kwenye jiwe lenyewe. Angalia mstari wa matone, yaani pale maji ya mvua yanapodondokea kutoka kwenye ukingo wa paa. Nje ya huo mstari maji yanasomba na kuchanganya, ndani pakavu na vitu vinatulia. Tembea mteremko wa mbele, vijiwe vikiwa vingi pale ujue ndani kuna mali yake. Angalia wakazi wa sasa pia: pimbi wanajaza kinyesi pembeni, muhanga anachimba shimo la kuingia mtu, mchwa wanapandisha udongo wa chini kuja juu. Kama ukutani kuna michoro usiimwagie maji ili ionekane vizuri kwenye picha, nimeona watu wanafanya, inafutika.

Weka pointi moja ya kudumu, msumari au alama kwenye mwamba usiotikisika, vipimo vyote vya urefu na kina vinaanzia hapo mpaka mwisho wa dunia. Kutoka hapo unatandaza miraba ya mita moja kwa moja, uzi wa fundi, pegi, timazi, pima maji. Kila mraba una jina, B3, C4. Anza na shimo la majaribio la mita moja kwa mbili, ulilaze kutoka ukuta wa nyuma kuelekea nje ili uone matabaka yanavyoinama. Wala usichimbe jiwe zima. Nusu au zaidi iache, wanaokuja baada yetu watakuwa na mashine ambazo sisi hatujaziota.

Kuchimba kwenyewe ni mwiko wa fundi, brashi, karai na magoti. Unashuka sentimita 5 kwa wakati, hicho ni kiwango kimoja, lakini udongo ukibadilika rangi au ugumu kabla ya hizo sentimita 5 unasimama hapohapo, unafunga kitabu cha kiwango hicho, unafungua kipya. Hesabu ndoo: mraba mmoja sentimita 5 ni lita 50, ukishaufumua unakuja kama ndoo tatu za lita 20, kwa hiyo ukijikuta umetoa ndoo saba ujue umepitiliza na ukiri kwenye daftari. Nyunyiza maji kidogo kwa chupa kabla ya kuamua rangi, udongo mkavu unadanganya, tabaka mbili zinaonekana moja.

Usifurahie mapema ukigonga jiwe kubwa ukadhani umefika chini. Paa huwa linamomonyoka na kuangusha mabamba, na chini ya bamba lililoanguka ndo pamefunikwa vizuri kuliko popote. Chini kweli ni pale unapokuta mwamba uliooza, ule wa chengachenga za rangi ya kutu usio na kitu cha mtu hata kimoja kwa viwango kadhaa mfululizo.

Udongo wote unapita kwenye chekeche. Wote. Chekeche la matundu ya milimita 5 juu, la milimita 2 chini, kwa sababu zana za watu wa huku zilikuwa ndogo, nyingine hazifiki ukucha wa kidole cha mwisho, zilipachikwa kwenye mti kwa utomvu zikawa mshale. Kuitambua kwatzi iliyopasuliwa na mtu kunachukua muda, nisikudanganye. Shika kipande, kigeuze juani. Kwenye mawe yenye chembe laini utaona kichwa bapa pale kilipogongwa na kitumbo kidogo chini yake. Kwatzi ni mbishi, inapasuka ovyo, na wazee wale walikuwa wanaiweka juu ya jiwe lingine kama fuawe wanaigonga kutoka juu, kwa hiyo unachotafuta ni ncha mbili zinazotazamana zimesagika nyeupe kama unga, na katikati mgongo umechubuka kwa urefu. Ukiviona vipande kumi vya hivo kwenye mraba mmoja hiyo siyo bahati. Ukipata jiwe jeusi linaloonyesha mwanga pembeni kama chupa ya bia, tulia, piga picha likiwa palepale, andika vipimo vyake. Hilo ni kioo cha volkano, huku Mwanza hatuna. Lile lililookotwa chini ya jiwe la Nasera kule upande wa Serengeti lilitoka eneo la Naivasha Kenya, zaidi ya kilomita 200, lilibebwa na watu kwa miguu.

Vyungu vitakupa makadirio kabla hata ya maabara. Huku Ziwani mpangilio ni huu kwa ufupi, vya chini kabisa kwenye tabaka zenye vyungu ni Kansyore, jina limetoka kwenye kisiwa cha Mto Kagera upande wa Uganda, vimejaa michomo na nukta mwili mzima, ni vya wavuvi na wawindaji, upande wa Kenya vinarudi nyuma zaidi ya miaka 7,000. Juu yake Urewe, jina la kijiji cha Siaya Kenya, vinaanza kama miaka 2,500 iliyopita na chuma, mdomo umekatwa pembepembe na kitakoni vingine vina kishimo kana kwamba mtu kabonyeza kwa kidole gumba. Juu kabisa vyungu vilivyoviringishiwa kamba iliyosokotwa, hivo ni vya miaka elfu moja hivi kuja leo. Vyote vitatu vikiwa ndoo moja, shimo lako limechanganyika au umechimba ovyo.

Kuna vipimo vingine vya bure ambavyo mtu wa Ziwani anavyo tayari. Mfupa wa sangara. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, kwa hiyo ukikuta mfupa wake mita moja chini pamoja na Kansyore kuna panya kauburuta au ukuta wa shimo umemwagika. Kambale na kamongo ndo samaki wa tabaka za zamani, kichwa cha kambale kina mifupa yenye vipele utaitambua hata gizani. Gunzi la mahindi lililoungua nalo, mahindi yametoka Marekani, hayawezi kuwa na zaidi ya miaka kama 500 huku kwetu.

Sasa mkaa, na hapa naomba mtulie maana hapa ndo niliumia mwenyewe. Msimu wangu wa kwanza kushika mwiko niliona doa jeusi zuri sana sentimita 70 chini, mviringo, nikasema jiko. Nikachukua mkaa, ukaenda maabara, pesa ikalipwa, jibu likarudi: wa kisasa. Nikarudi kwenye picha za ukuta wa shimo, na pale pembeni ya picha, wazi kabisa, kulikuwa na udongo laini wa kijivu unashuka kwa mshazari kutoka juu mpaka kwenye lile doa. Shimo la panya. Mkaa wa wachungaji wa juzi ulishuka nalo. Nililia, kwa sababu nilikuwa nimelipitia hilo tundu kwa mikono yangu na udongo ulikuwa unamung'unyika tofauti na sikuandika. Tangu hapo nikigusa udongo laini kuliko jirani yake nasimama, nauchimba wenyewe kwanza, nautoa wote kwenye mfuko wake, ndo naendelea na tabaka.

Mkaa mzuri ni uliotoka ndani ya jiko lenye mawe yake na udongo ulioiva mwekundu chini. Usiushike kwa vidole, tumia ncha ya mwiko uliosafishwa au koleo dogo la nyusi, funga kwenye foili, halafu kwenye mfuko wa zipu, na asiwepo mtu anavuta sigara juu ya shimo. Siku hizi kipande kama punje ya mchele kinatosha. Chagua mbegu, ganda la tunda au kijiti chembamba, gogo kubwa la mti mgumu linaweza kuwa limekufa miaka mia mbili kabla halijachomwa na utapima kifo cha mti ukidhani ni moto wa mtu. Mifupa ya samaki na konokono wa ziwani epuka kama una kingine, maji ya ziwa yanaweza kubeba kaboni ya zamani ikazeesha jibu. Mifupa ya wanyama chini ya mawe yetu kwa joto hili huwa imeshapoteza kile kiini kinachopimwa. Na lebo: maka peni juu ya mfuko, lebo ya pili ndani kwenye kifuko chake, kwa sababu mkaa mbichi unatoa unyevu na karatasi inaoza.

Kuhusu lebo nina mfano ambao nauhadithia kila mwaka. Kisese II, kivuli cha jiwe kule Kondoa, ilichimbwa na mwanaakiolojia Inskeep 1956. Vitu vikakaa makumbusho miongo zaidi ya sita. Mwaka 2018 ikachapishwa kazi mpya ambapo watafiti walirudi kwenye ile mifuko, wakachukua vipande vya maganda ya mayai ya mbuni, wakapima, wakapata miaka zaidi ya 40,000 kwenye tabaka za chini. Iliwezekana kwa sababu mtu wa 1956 aliandika kila kipande kimetoka kina gani.

Kinachopimwa kwenye huo mkaa ni kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi. Inafanyaje kazi? Kiumbe akiwa hai anaivuta, akifa inaanza kupungua, kila miaka 5,730 nusu inapotea. Mkemia Libby alitoa tarehe za kwanza Chicago 1949, akapata Nobel 1960. Ukifika kama miaka 50,000 kilichobaki ni kidogo mno, njia inaishia hapo. Jibu la maabara linakuja hivi, tuseme miaka 2,500 ± 30 iliyopita (inaweza kuzidi au kupungua 30), na hiyo "iliyopita" inahesabiwa kurudi nyuma kutoka 1950 siyo kutoka leo, na bado siyo miaka ya kalenda, lazima ibadilishwe kwa jedwali la kurekebisha ambalo la karibuni ni la 2020. Uliza maabara wametumia jedwali la nusu ya kusini ya dunia au la kaskazini, maana sisi tuko karibu kabisa na ikweta na hewa inachanganyika. Na bahati mbaya yetu Ziwani ni kwamba hapohapo kwenye 2,500 jedwali linalala bapa, jibu lako zuri la ± 30 likibadilishwa linasambaa kuanzia kama 800 mpaka 400 kabla ya Kristo, na ndo wakati Urewe inaanza. Kwa hiyo usipeleke mkaa mmoja. Peleka mitano, sita, ya juu mpaka chini kwenye ukuta uleule, mpangilio wenyewe unasaidia kubana.

Kwa tabaka za zamani ambazo kaboni 14 haifiki kuna njia ya mwanga, mafundi wanaiita OSL. Punje ya mchanga ni kama simu inayochaji polepole kutoka kwenye mionzi ya asili iliyomo ardhini, ikipigwa na jua chaji inaisha, ikifunikwa inaanza upya. Maabara wanasoma chaji, wanajua imefunikwa muda gani. Unagongelea bomba la chuma kwenye ukuta wa shimo, kipenyo sentimita 5 hivi, mwisho uliozibwa na nailoni nyeusi, mpaka lijae kabisa mchanga usicheze ndani, unalitoa chini ya turubai jeusi, unaziba, unafunga nailoni mara tatu. Mchanga wa pembeni yake unachukua pia kwenye mfuko usiopitisha hewa, wapime unyevu na mionzi.

Kwa mawe ya Mwanza kuna mtego na watu wa nje huwa hawauoni siku ya kwanza. Mwamba wenyewe unabomoka na kumwaga punje za kwatzi ambazo hazijawahi kuona jua toka dunia iumbwe, zimejaa chaji, zikichanganyika na mchanga ulioletwa na upepo, tabaka la miaka elfu kumi linaweza kusoma mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo kaa mbali na mabamba ya paa, angalau sentimita 30, na omba maabara wapime punje moja moja badala ya kijiko kizima. Ukiweza pata tabaka moja lenye mkaa na mchanga, upime kwa njia zote mbili, zikikubaliana unaweza kuamini zilizo chini.

Na ukiwa na tarehe za zamani sana kumbuka ziwa halikuwepo siku zote. Lilikauka, likarudi kama miaka 15,000 iliyopita. Aliyekaa chini ya jiwe lako kabla ya hapo alikuwa anaangalia nyasi na makundi ya wanyama pale ambapo leo kuna mitumbwi. Usihangaike kutafuta magamba ya samaki kwenye tabaka hilo, tafuta meno ya swala na nyumbu.

Siku ya mwisho kabla ya kufukia, chora kuta zote nne kwa mkono, hata kama mmepiga picha elfu moja. Kuchora kunakulazimisha kuamua kila mstari unaenda wapi, na nusu ya makosa nimeyakamata penseli ikiwa mkononi. Vitu vyote vinaenda makumbusho kama kibali kinavyosema, kijijini mnaacha nakala ya ripoti kwa Kiswahili, mkaisome mbele ya mkutano siyo kuikabidhi tu.

Kufukia: tandika nailoni ngumu chini na kutani, jaza viroba vya mchanga, halafu rudisha udongo uleule uliochekechwa. Chini ya nailoni weka sarafu yenye mwaka unaosomeka, ili atakayefungua shimo tena ajue sisi tuliishia hapa na kuanzia hapa kwenda chini hakuna mkono wa mtu wa leo. Ya kwetu ya mwisho ilikuwa ya shilingi mia mbili, kona ya kaskazini ya B3, na mzee wa eneo ndiye aliyeiweka.